Kikombe Kimoja kwa Wawili

Aber, binti wa askari wa kambini, alikikataa kikombe.

Mwalimu alikuwa amewaketisha watoto wawili wawili, wa mlimani na wa kambini, wanywe uji pamoja wapate kuzoeana. Mvulana wa Kikonzo, wa mlimani, alikwisha kunywa nusu yake, akamsogezea mwenzake iliyobaki.

"Kunywa, mutoto ya afande. Sikuweka sumu."

"Aber," mwalimu akakemea, "darasani mwangu hatubaguani."

"Sibagui, madamu." Sauti ilikuwa ndogo. "Kwetu, kama damu imemwagika katikati ya watu, hapana kula pamoja mpaka wazee wapatanishe."

"Hata sisi iko hivyo," mvulana akacheka. "Sasa damu gani?"

Mwalimu alijua kwamba kaka wa mvulana alipotea tangu mavuno ya kahawa, na kwamba mama yao angali akimwekea chakula kila jioni.

Aber akainamia viatu vyake. "Nilisikia baba anaambia mama."

Kicheko kilikuwa kikimtoka mvulana usoni polepole, naye alikwisha kumgeukia mwalimu, wala si Aber, ili amweleze.