Nipo, Profesa

Ga-eul alijibana pua, akainamisha kichwa nyuma ya mgongo mpana wa Pil-gyu, akaitikia kwa sauti nyembamba isiyo yake. "Nipo, Profesa!"

Profesa Maeng akaweka tiki kwenye rejista bila kuinua macho. Tak Yun-seo, yupo. Kwisha habari.

"Wewe dada unafaa redio," Pil-gyu alinong'ona, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

"Nyamaza kaka, utanichomea!"

Chuo kizima kilimcheka Maeng. Maprofesa wengine ukikosa kipindi wanakukata alama, basi. Yeye? Ukikosa mara moja tu, jioni hiyo hiyo anawapigia simu wazazi wako. Mwenyewe! Watu wazima wanachungwa kama watoto wa chekechea. Ndiyo maana darasa lake liliongoza kwa mahudhurio, na nusu ya waliohudhuria walikuwa wamelala vyumbani kwao.

Yun-seo alikuwa amemwandikia Ga-eul Jumatatu jioni: "Kichwa kinaniuma vibaya. Kesho niitikie, mzee asije akampigia baba. Nitakununulia sahani ya tteokbokki."

Basi Jumanne Ga-eul akaitikia. Alhamisi akaitikia tena, maana hakuambiwa aache. Akatuma ujumbe: "Sahani zimekuwa mbili sasa, shoga!" Ile namba moja ya njano pembeni, inayofutika mtu akishasoma, haikufutika.

"Atakuwa Busan na yule mpiga gitaa wake," Pil-gyu alisema. "Wewe unahangaika, mwenzio anakula samaki."

Kweli, nani angekaa peke yake kwenye kile kichumba cha Yun-seo cha juu ya paa, na baridi hii? Ga-eul akanuna. Yaani hata kuaga kumemshinda?

Jumanne iliyofuata Profesa Maeng alichelewa. Maeng, kuchelewa! Hakuvua hata koti. Alifungua rejista, akayaruka majina yote, akaita moja.

"Tak Yun-seo."

Ga-eul akabana pua. "Nipo, Profesa!"

Safari hii macho yaliinuka.

"Aliyeitikia asimame."

Akasimama. Aliiona sifuri yake waziwazi, na barua ya kufutiwa ufadhili, na uso wa mama yake akiisoma.

"Nisamehe Profesa, ni leo tu..."

"Alhamisi?"

"Ni mimi."

"Jumanne iliyopita?"

"Ni mimi pia."

Alingoja kufokewa. Mzee akakaa kitini taratibu, kama mtu anayetua gunia. Ndipo Ga-eul akamwona mwanaume mlangoni, viatu vina udongo wa shamba, amekumbatia ndoo ya kachumbari ya kimchi iliyofungwa kitambaa. Hakumtazama mtu.

"Jumatano baba yake alinipigia," Maeng alisema. "Eti binti hapokei simu. Nikafungua rejista, nikamwambia tulia mzee mwenzangu, jana alikuwa darasani."

Akaifunga ile rejista, mikono ikabaki juu yake.

"Asubuhi hii tumevunja mlango. Alianguka bafuni Jumatatu usiku wiki iliyopita, simu ikabaki kitandani. Daktari anasema Alhamisi, saa tunaita majina, alikuwa bado hai."