Bomba Chini ya Dirisha la Lusajo

Siku hizo mabomba ya maji yalikuwa hai, nayo yalijivuta ardhini kufuata vyumba wanamolala watu. Ndiyo maana Atupele, aliyetaka kuchimba shimo la taka, alikwenda kwanza dukani kununua fimbo ya kuchokolea udongo, ajue bomba lao liko wapi.

"Chukua hii yenye ncha butu, mama," muuzaji alimshauri. "Ile kali huingia upesi, lakini ukilichoma bomba litaumia, litawakimbia."

Nyumbani alianza chini ya dirisha la chumba chao. Fimbo ilizama bila kugusa kitu. Akaizunguka nyumba akichokoa taratibu, mpaka chini ya dirisha la nyuma ncha ikagota kwenye kitu laini, kikatetemeka.

"Umelipata, Mama Lusajo?" mumewe, Ambakisye, aliuliza.

"Limehamia chumbani kwa mwanetu."

Walimzika Lusajo mwaka uliopita, na tangu hapo chumba chake hakikufunguliwa.

"Labda limepotea njia," alisema Ambakisye.

Atupele aliilaza fimbo nyasini, akaingia ndani kuchukua ufunguo. Alipofika mlangoni mwa chumba kile, alibisha hodi kwanza.