Vitabu vya Gunia

"Kamera zikianza," mwongozaji wa filamu alisema, "nyinyi waumini mnatupa vitabu vya mwanazuoni motoni. Na mkasirike kweli."

Mama muuza mitumba, aliyekuja kuigiza kwa siku moja, akapewa kitabu kutoka kwenye gunia. Mtu wa vifaa alikuwa amenunua vitabu vya kweli kwa kilo, maana vya maboksi haviungui vizuri.

Kilikuwa kitabu cha nyota. Pembe za kurasa zilikuwa zimeingia weusi, palepale baba yake alipozoea kulamba kidole na kufunua. Baada ya mazishi kaka yake alisema vitabu vya mzee vinawapotezea watu imani, ila asiwe na wasiwasi, amevigawa shuleni.

"Haya, twende."

Umati ukamsukuma mbele. Joto likampiga usoni, na kabla hajajua anafanya nini, mkono ulikuwa umeshakirusha.

"Kata. Mama, wewe ni mchomaji. Mchomaji halii. Turudie."

Mtu wa vifaa akaingiza mkono kwenye gunia lilelile, akampa kingine. Pembe zake nazo zilikuwa nyeusi.