Nimekubali ya Tatu

“Nimeku—” akasema bwana harusi, kisha uso wake ukaganda kwenye kompyuta, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

“Imekata!” Shangazi Zarina akajipiga paja. “Huyu mwanamume mnamuoza au mnampiga picha?”

Watu wakacheka. Baba hakucheka. “Fawad! Wewe si ndiye fundi? Latifabad nzima unawatengenezea watu kompyuta, ya kwako imekushinda?”

“Natazama, Baba.”

Fawad akainamia kompyuta, jasho likimtiririka mgongoni. Hakuwa na cha kutazama. Ubovu aliujua, maana aliuweka mwenyewe asubuhi, wenzake walipokuwa wakihangaika na biriani. Kompyuta yake ilikuwa na programu ya ulinzi, ile inayokaa kama bawabu na kuchuja kinachoingia na kinachotoka, na mtandao wa nyumba nzima ulipita hapo. Yeye aliiagiza tu: simu yoyote ya picha ikishaendelea kidogo, ifungiwe mlango. Mtandao wa simu za mkononi nao ulikuwa umezimwa mji mzima kwa ajili ya maandamano. Njia nyingine ya kumfikia bwana harusi, Touseef, huko Kanada haikuwapo.

Na Maulvi Ghazanfar, shehe aliyekuja kufungisha ndoa, alikuwa na msimamo wake. Bwana harusi aseme “nimekubali” mara tatu mfululizo, mashahidi wakimwona na kumsikia. Ikikatika katikati, mnaanza upya.

Mbona Fawad akafanya hivyo? Aibu tupu. Chumba cha pili alilala mama yao, mwaka wa nne sasa tangu apooze upande mmoja. Aliyemlisha, aliyemgeuza, aliyemwosha, ni mdogo wake Fawad, Rubaba. Mama akiita usiku, Fawad hujifunika shuka kichwani, akijua Rubaba ataamka. Rubaba akienda Kanada, ataamka nani? Majirani walishasema binti huyu hapati tena mume. Leo kapata, na kaka mtu anamfungia mlango ili yeye alale vizuri. Fawad alijiona mchafu kuliko mbwa.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ya meza ya kompyuta, shela jekundu limemfunika uso. Yeye alishaulizwa mwanzo kabisa. Maulvi alimuuliza mara tatu kama anamridhia Touseef, naye akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea mikononi.

“Amekubali!” Shangazi Zarina akamjibia. “Mwenye haya ndivyo anavyojibu. Mie yangu nililia mpaka wanja ukafika shingoni.”

Maulvi akaridhika, akasonga mbele.

Wakapiga tena. Safari hii ilikatika upesi zaidi, hata hotuba ya ndoa haijaisha. Fawad mwenyewe akashangaa, akadhani programu imezidisha bidii.

Mtandao uliporudi, aliyetokea kwenye kioo si Touseef bali mama yake, miwani puani, uso umekunjamana. “Ndugu yangu,” akamwambia Baba, “sisi mkosi hatuutaki. Mara hii ikishindikana, kila mtu ashike njia yake.”

Ikakatika kabla Baba hajajibu. Mzee akakaa chini kwenye zulia, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Ndipo Fawad aliposikia mnong’ono sikioni mwake.

“Kaka.” Ilikuwa sauti ya Rubaba, inatetemeka. “Kweli unaweza kuitengeneza?”

Basi, hapo moyo ukamchoma. Miaka minne huyu mtoto hajaomba kitu nyumba hii, wala hakuna aliyempa. Leo anaomba kimoja, na anamwomba mwizi wake! Fawad akafungua programu, akaifuta ile amri, akahakikisha mara mbili kwamba mlango uko wazi.

“Naweza,” akamwambia. “Wallahi, safari hii haikatiki.”

Rubaba akaangua kilio upya.

“Usilie, mdogo wangu. Mama niachie mimi.” Na alimaanisha. Kuanzia usiku huo angeamka yeye, ajifunze kumgeuza, kumwosha, yote. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi ikafika tumboni.

Wakapiga. Touseef akatokea, koti refu la sherwani limemkaa vizuri, nyuma yake dirisha la alfajiri. Hotuba ikasomwa mpaka mwisho, haikukatika. Shangazi Zarina akaishika sahani ya tende kavu, tayari kuwarushia watu.

“Nimekubali,” akasema Touseef.

“Mashallah!”

“Nimekubali.”

Baba akainuka kwenye zulia. Touseef akafungua mdomo kwa mara ya tatu, na kioo kikaganda.

“Haiwezekani!” Fawad alipiga kelele, na hii ilikuwa kelele ya kweli. Akatazama programu. Mlango wazi, amri hakuna. Akapiga magoti, akaingia chini ya meza, akaufuata waya kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye kisanduku cha mtandao. Taa zake zote zilikuwa zimezimika. Akaufuata waya wa umeme mpaka kwenye swichi, pindo la nguo ya harusi limeifunika. Akalisogeza.

Kidole gumba cha mguu, kimepakwa hina mpaka kwenye ukucha, kilikuwa kimeikandamiza swichi ya kuzimia. Hakikuondoka hata alipokiona.

Akainua macho. Chini ya shela Rubaba alikuwa akimtazama, akitikisa kichwa taratibu: hapana.

“Umeona nini huko?” Baba akauliza.

Fawad akatoka chini ya meza, akajipangusa magoti.

“Imeungua, Baba,” akasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wageni wa nje. “Hii haitengenezeki leo, wala kesho.”