Kivinjari Kimoja Kinatosha

"Futa chochote unachotaka, ila hivyo usiviguse," alisema Don Eulogio, akiiziba skrini kwa kiganja.

Nélida alicheka, akazunguka meza. Tangu asubuhi hakuwa ametulia. Alikaa, akasimama, akamimina maji ya barafu kwenye tereré, chai yao ya baridi, akasahau kuinywa. Kompyuta ya baba yake ilinguruma kama jokofu bovu, na sababu ilionekana wazi: safu nzima ya vivinjari, programu za kufungulia mtandao. Kwa miaka mzee kila akisikia kuna kipya alikipakua, na nusu ya mji wa Encarnación ilishachoka kuulizwa kama kuna kingine.

"Baba, chagua unachokipenda, vingine viende zake."

"Kila kimoja kina kazi yake."

"Kazi gani?"

"Kusoma."

"Kwa kusoma unahitaji miwani, mzee wangu."

Kisha akamtobolea habari aliyokuja nayo. Ameacha kazi ya duka la dawa. Anataka kuimaliza riwaya yake, ile anayoiweka mtandaoni sura moja kila wiki.

Kikombe cha mzee kiliishia njiani kuelekea mdomoni.

"Umeacha? Kabisa?"

"Kabisa! Koti lao jeupe nimewaachia kwenye kaunta."

"Utakula nini, mwanangu?"

"Nina wasomaji, Baba. Mwaka wa kwanza alikuwa mmoja tu, wakaongezeka mmoja mmoja, sasa wako tisa. Sura ikitoka alfajiri, mchana haufiki wote wameshaisoma. Leo tisa, kesho tisini."

Don Eulogio alikiweka kikombe chini.

"Rudi ukamwombe bosi wako. Leo hii, mama. Nakusihi."

"Nilijua tu!" Nélida alipandwa na hasira. "Watu baki wananisoma, na wewe hata siku moja hujaniuliza kinachoendelea humo."

Mzee akainama, akajishughulisha na barafu. Nélida alijuta papo hapo. Ili kumpoza, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Haya, tuitengeneze hii. Nikuachie kipi?"

"Niachie hata vitatu."

"Kimoja kinatosha."

Alivitazama mpaka binti yake akaanza kugonga meza kwa vidole.

"Kile cha mbweha," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ndicho nilichoanza nacho."

Nélida akavifuta vilivyobaki. Mashine ikanyamaza. Alimbusu baba yake kwenye upara, akaondoka akiwa na furaha.

Kesho yake alitoa sura mpya alfajiri. Alifagia nyumba, akaifagia tena, akaenda dirishani, akarudi. Mchana uvumilivu ukamwishia. Akafungua ukurasa wa hesabu, ule unaoonyesha waliosoma, kila kivinjari kikihesabiwa msomaji mmoja.

Msomaji mmoja, wa kivinjari cha mbweha. Alikuwa ameifungua sura mara tisa.