Fomu ya Kuacha Somo

Mwalimu mzee aliipokea fomu, akaiweka juu ya meza yenye vumbi la chaki na kutia saini bila kuisoma. Miwani yake ilikuwa mfukoni.

Binti aliyeileta alibaki amesimama, mkoba begani. Mzee alidhani ni karatasi ya mahudhurio.

Profesa anayemsimamia binti huyo utafiti alikuwa amemwambia kwamba somo hili halitamsaidia kitu kwenye tasnifu yake. Wanafunzi wenzake watatu walishaliacha, mmoja mmoja. Akijitoa na yeye, somo linafutwa, na mzee anarudishwa nyumbani kabla ya kumaliza muhula wake wa mwisho.

"Leo ni wewe peke yako?" mzee aliuliza, akimrudishia karatasi.

"Ni mimi tu, mwalimu."

"Moja si haba, mwanangu. Sifuri ndiyo ya kuogopa."

Alijichekea, akageukia ubao. Vidole vyake vilitetemeka mpaka chaki ilipogusa ubao. Hapo vikatulia, na alama zikatoka zimenyooka. Aliandika kwa herufi kubwa, ili hata wa nyuma kabisa aone.

"Mwalimu, ile karatasi..."

"Si nimeshasaini? Kaa, mama. Leo twende polepole, tuna muhula mzima."

Binti aliitazama saini. Wino ulikuwa haujakauka. Ofisi ya usajili ilikuwa ikifungwa saa sita, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea fomu.

Alikivuta kiti cha mbele, akakishika mgongo kwa mikono miwili, asiketi.