Mikono Iliyorudi na Timu

Siku hizi, Kombe la Dunia la voliboli ya wanawake likifika, wachezaji waliostaafu huiazimisha timu ya taifa ustadi wa mikono yao. Safari hii zamu ilikuwa ya Jebiwott. Wiki tatu alilishwa uji na bintiye Chemutai, vidole vyake vimelegea mapajani, huku msichana asiyemjua akiwainulia wenzake mipira kwa ustadi wake kwenye televisheni.

Timu iliporudi, ustadi ukarudishwa. Jebiwott akamketisha Chemutai kumsuka nywele.

“Mama, huu si mtindo wangu,” Chemutai akasema.

Jebiwott alijaribu kuisimamisha mikono. Haikusimama. Ilisuka hadi mwisho, kisha ikampapasa Chemutai shavuni polepole, kama iliyozoea mtoto mwingine.